Mche wa Kahawa Kando ya Mlango

Hili jani ulilitoa wapi kwenye mche, juu au chini?

Niliulizwa swali hilo kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikiwa nimesimama mbele ya nyumba ya tofali za udongo, mkononi nimeshika jani la kahawa nililolibana ndani ya daftari tangu Kibondo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwezi huohuo. Nilijua mengi kuhusu jani lile: jina lake la kisayansi, sababu tano zinazoweza kuligeuza njano, na dawa ya kila sababu. Lilitoka wapi kwenye mche, sikujua. Nililichuma kwa sababu lilikuwa njano kuliko mengine, basi.

Aliyeniuliza alikuwa mama wa makamo kutoka Kongo, mmoja wa kina mama niliokuwa nikizunguka nao kwenye bustani za magunia. Nilikuwa nimepata kazi ya kujitolea kwenye mradi wa bustani pale kambini. Siku za kazi nililala Kasulu, Jumamosi nikapanda basi kwenda kwa bibi yangu Kibondo. Kwa mpangilio wa mradi, yule mama ndiye aliyepaswa kujifunza kwangu. Lakini ndani kwake, dirishani, alikuwa na pilipili na nyanya kwenye makopo ya mafuta, maana nje kuku wa majirani hawaachi kitu, na sikuwahi kuona jani lenye doa kwenye makopo yale. Ndiyo maana nilimpelekea yeye jani badala ya kuwapigia simu walimu wangu.

Aliligeuza upande wa pili, akanirudishia jani langu.

“Madamu agronomu,” akasema, yaani mtaalamu wa kilimo, bila kucheka, “unaleta mukono ya mugonjwa, mugonjwa mwenyewe umemuacha nyumbani.”

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mche wa kahawa uliokaa ndani ya nyumba ya bibi, kwenye kopo la rangi, kando ya mlango chini ya dirisha. Babu ndiye aliyesia mbegu yake, mwaka wa mwisho wa maisha yake. Hakuna aliyeelewa kwa nini. Kijijini kwetu kila shamba lina kahawa, na anayetaka miche huenda kitaluni. Mzee anayekohoa hadi anashika ukuta alikuwa akifanya nini na mbegu na kopo? Iliota miche minne. Mbuzi akala mitatu. Uliobaki babu aliuingiza ndani, akawa anaugeuza kila siku chache ili upande wote upate mwanga, na alipofariki mwezi wa tatu ulikuwa na jozi sita za majani.

Siku ya kuzika, bibi alitangaza kwamba mche ule utapandwa kichwani pa kaburi, kule kwenye migomba. Si wakati ule, kwa sababu ulikuwa bado mdogo na kiangazi kilikuwa njiani. Ungesubiri mvua za mwanzo. Watu waliitikia, na mimi niliyekuja kutoka chuoni kwa ajili ya msiba niliitikia pia, ingawa kwa kawaida mimi ni mtu wa kuuliza kwanza. Nyumbani wanasema nilizaliwa nikiuliza kwa nini mkunga ana haraka.

Niliporudi mwezi wa saba, mitihani imekwisha, mche ulikuwa njano.

Bibi aliniita mke mwenzake tangu nikiwa mtoto, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike, na babu alikuwa mume wetu sote wawili. Jioni ya kwanza alinikalisha karibu na lile kopo. Macho yake yameingia ukungu, haoni rangi vizuri, lakini majirani walikuwa wameshamwambia.

“Unaona, mke mwenzangu? Hata kahawa ya mume wetu haitaki kukaa na mimi.”

Nilijua anachosema. Mwaka ule babu alipoanza kuugua, bibi alikwenda kwao Nyabibuye kumlilia kaka yake aliyefariki. Aliaga kwamba anakwenda wiki moja, akakaa mwezi mzima. Aliporudi, babu alipiga makofi ya salamu, akampokea mzigo, akamwachia nafasi kwenye mkeka. Lakini hakumuuliza habari za safari. Asiyekaa kwetu anaweza kuliona hilo dogo. Kwetu mtu akirudi hata kutoka sokoni huulizwa huko wazima, mvua imenyesha, mahindi yakoje, nani umeonana naye. Anaulizwa mpaka anachoka kuliko alivyochoka na njia. Babu hakuuliza siku ile wala kesho yake. Aliishi na mkewe miezi minane iliyobaki, akala chakula chake, akamtania kama zamani, na Nyabibuye haikutajwa. Bibi akaelewa kwamba alikosa kwa kumwacha mgonjwa peke yake, na kwamba hajasamehewa. Hakurudi tena kwao. Sasa mche uliotoka mikononi mwa babu ulikuwa unakufa kando ya mlango wake, na kwake hilo lilikuwa jibu.

Niliudhika. Sikuudhika na bibi, niliudhika na wazo lenyewe. Nilimwambia mmea hauna kinyongo, una njaa au una kiu au una ugonjwa, na kwamba kabla ya mvua kuanza utakuwa kijani. Nilisema hivyo mbele ya baba mdogo, jambo ambalo halikuwa la busara. Tangu siku ile kila akipita hunisalimu: daktari, mgonjwa ameamkaje?

Nilianza na naitrojeni, kwa sababu ndiyo hukumbukwa kwanza na kila aliyefundishwa kilimo. Kasulu niliingia duka la pembejeo la mzee mmoja mwenye kofia ya kufumwa, ambaye anasema kwao ni Tanga ingawa watoto wake wote wanaongea Kiha. Nilimwamkia, nikamwomba mbolea ya yurea kikombe kimoja. Akataka kujua shamba gani hilo la kikombe kimoja. Nilipomweleza kwamba ni kahawa iliyo ndani ya nyumba, aliweka mizani chini.

“Ndani? Binti yangu, mnaifuga?”

Wateja wawili walicheka na mimi nikacheka nao, nikabeba yurea yangu. Wiki iliyofuata kingo za majani zilikuwa zimeungua na umanjano uko palepale. Nikasema tatizo ni mwanga, nikaupeleka mche uani, jua likaubabua siku mbili nikaurudisha. Nikasoma kwenye simu kuhusu magnesi, kuhusu minyoo ya mizizi, kuhusu maji mengi na maji machache. Kila ukurasa ulikuwa na picha, na kila picha ilifanana na jani letu. Ndipo nikachuma jani nikaenda nalo Nyarugusu.

Yule mama hakuniacha niondoke hivihivi. Alinivuta hadi dirishani kwake, akashika mche wa nyanya kwa vidole viwili.

“Majani ya chini ni wazazi,” akasema. “Chakula ikikosa, wazazi wanatosha yao mu kinywa, wanapatia watoto. Ndiyo vile rangi ya manjano inaanza chini. Lakini ukiona wazazi wameshiba na watoto ya juu ndiyo manjano, ujue chakula iko ndani ya nyumba. Haipite tu. Kuna kitu imefunga mulango.”

Niliyajua hayo. Yalikuwa kwenye somo la mwaka wa pili, kwa maneno marefu zaidi: kuna virutubisho vinavyohama kutoka jani kuukuu kwenda changa, na kuna visivyohama. Niliyajibu kwenye mtihani na nikapata. Ila katika wiki tatu za kubishana na mche ule, sikuwahi kuchuchumaa mbele yake nikautazama kutoka chini kwenda juu.

Jumamosi nilichuchumaa. Majani ya chini, ukiacha kingo nilizoziunguza mwenyewe, yalikuwa ya kijani kibichi. Umanjano ulianza jozi ya tatu na kuzidi kila ulivyopanda, na kwenye majani ya juu mishipa ilibaki kijani, myembamba, kama mito iliyochorwa kwenye ramani ya nchi kavu. Hapo kitabu hakina ubishi mwingi: ni upungufu wa madini ya chuma. Na udongo wetu mwekundu hauna shida ya chuma hata kidogo. Chakula kilikuwepo ndani, mlango umefungwa. Nchani kabisa, yale majani mawili madogo kuliko yote, yalikuwa na rangi ya tatu isiyofanana na nyingine, rangi ya shaba. Niliiandika kama dalili ya pili, sababu itafutwe.

Juu ya udongo wa kopo palikuwa na ukoko mweupe. Niliukwangua kwa ukucha. Nikamuuliza bibi kama ametia majivu, akakiri kwamba jirani alimshauri, naye alitia konzi moja mwezi wa tano. Huwezi kumlaumu jirani. Huku kwetu udongo ni mchachu, na majivu kwenye migomba na maharage ni dawa ya kweli; udongo wa shambani ni mpana, mvua inayasukuma. Koponi yanakaa palepale. Majivu yakizidi, uchachu unakwisha, na chuma kinajifungia kwenye udongo ambapo mizizi haiwezi kukipata. Lakini konzi moja ya majivu haikutosha kuleta ukoko wa unene ule. Kulikuwa na kitu kingine kinachoingia mle mara kwa mara, na bibi aliapa hatii kitu.

Jibu lilikuja Jumapili, baada ya kanisa. Wageni sita walikuja kumpa bibi pole, kama walivyokuwa wakija kila Jumapili tangu msiba. Chakula kilipoiva nilichukua jagi, beseni na kipande cha sabuni ya mawese, nikapiga magoti kwa kila mmoja nikamnawisha. Tangu wakati wa korona bibi hakubali mtu ale kwake bila sabuni. Nilipomaliza wa sita, beseni lilikuwa zito, maji meupe kama tui. Nikainuka, nikaenda kando ya mlango, nikamwaga maji kwenye kopo la kahawa.

Nilikuwa nimeshayamwaga nusu nilipoona mkono wangu.

Nyumbani kwa bibi kuna sheria ambayo sikuwahi kuiuliza, mimi ninayeuliza kila kitu: maji ya mgeni hayavuki kizingiti kabla ya mgeni. Kumwaga nje maji aliyonawia wakati bado ameketi ndani ni kumwambia kwamba unamsubiri aondoke. Kwa hiyo maji ya kunawa hupewa mmea ulio ndani. Kabla ya kahawa palikaa mshubiri kwenye kopo hilohilo la rangi, ukanywa maji ya wageni miaka mingi, ukanenepa. Lakini zamani wageni walinawa kwa maji matupu. Sabuni ni ya juzi. Na wageni hawakuwahi kuwa wengi kama mwaka ule wa msiba, na aliyewanawisha wiki nzima ya matanga, beseni baada ya beseni, alikuwa mjukuu wa kike aliyekuja kutoka chuo kikuu.

Niliwaambia sabuni ina magadi, nayo huumaliza uchachu wa udongo kama majivu. Mmoja akauliza kwa upole ikiwa ina maana wao ndio wameua kahawa ya marehemu. Bibi akawaambia waendelee kula, mtoto amechoka na safari.

Hakuniamini, na nilielewa kwa nini. Ilikuwa rahisi kwake kubeba hasira ya mume kuliko kuambiwa kwamba heshima kwa wageni inaunguza mizizi. Basi nilipanda maharage kwenye makopo mawili, udongo mmoja, nikayaweka sehemu ileile. Kopo moja lilipata maji ya kisimani, la pili maji ya beseni. Nikamkabidhi bibi kazi ya kumwagilia siku nikiwa Kasulu, ili asije kusema nimeyaroga. Baba mdogo alipita akatazama, akasema hajawahi kuona mtu akisoma miaka yote ile ili awe mlinzi wa maharage. Bibi akamjibu kwamba yeye hajasoma na bado hana cha kulinda.

Wiki ya tatu nilimkuta amekaa sakafuni kati ya makopo, amemwita mtoto wa jirani amsomee rangi. Jani la juu hapa? Kijani. Na hapa? Njano, bibi, lina mistari. La chini? Kijani. Aliuliza upya, akabadilisha makopo nafasi, akauliza tena. Kisha akamruhusu mtoto aende.

“Maharage haya mume wetu hakuyapanda,” alisema.

“Hakuyapanda.”

“Na hayanijui.”

“Hayakujui, bibi.”

“Kwa hiyo kwenye kahawa si yeye.”

“Si yeye. Ni sabuni.”

Akavuta pumzi kama mtu anayetua mtungi. Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kueleza namna ya kuhamisha mche, aliponishika goti.

“Na kunyamaza kwake je, mke mwenzangu? Hilo nalo mlisomeshwa?”

Nikamwambia hapana. Nilitaka kuongeza kwamba wagonjwa huchoka, kwamba wanaume wa umri ule hawasemi, lakini nilikuwa nimeshamlisha makisio ya kutosha mwaka ule.

Tuliutoa mche koponi, tukasuuza mizizi kwa maji ya kisima, tukaupa udongo mpya kutoka chini ya migomba uliochanganywa na maganda ya kahawa yaliyooza. Bibi aliweka ndoo ya pili ndani, karibu na mlango, yenye mfuniko. Maji ya mgeni sasa yanasubiri humo mpaka mgeni avuke kizingiti, kisha yanamfuata. Sheria haikuvunjwa. Yule mama wa Nyarugusu nilimpelekea habari na picha, mche mzima safari hii. Akautazama muda mrefu, akasema sasa anaona mugonjwa, akaniwekea pilipili za kupeleka kwa bibi.

Majani yaliyokuwa njano hayakurudi kijani kabisa, na nilimweleza bibi asiyategemee. Mapya ndiyo yaliyotoka na rangi yake, jozi moja, kisha ya pili. Mvua za mwanzo zilipokuja tuliupanda kichwani pa kaburi, na baba mdogo ndiye aliyechimba shimo, akiita daktari asogee apime kina. Kitu kimoja tu hakikuisha: ile rangi ya shaba kwenye ncha. Kila jozi ilichipuka na shaba, ikakomaa kijani, na nyuma yake ikatoka shaba nyingine. Nilitia samadi, nikapunguza samadi. Kahawa zote za jirani, na zote za shamba la babu, zina ncha za kijani. Kwenye daftari bado imeandikwa: sababu haijulikani.

Miaka minne imepita. Sasa ninalipwa kukagua vitalu, na mwezi uliopita kazi ilinifikisha Nyabibuye. Nilipomaliza nilipita kumwamkia bibi mdogo, mdogo wake bibi, ambaye miguu haikumruhusu kuja kumzika babu na haijamruhusu safari yoyote tangu hapo. Kando ya ua wake kuna mistari miwili ya kahawa ya zamani aliyopanda baba yao. Nilizitazama kutoka chini kwenda juu, ndiyo mazoea yangu sasa. Hazikuwa na ugonjwa wowote. Na kila ncha, mti hadi mti, ilikuwa ya rangi ya shaba. Ni mbegu yake tu, aina ya kale ambayo kwetu iling'olewa zamani.

Nilimwambia kwamba Kibondo tunao mti mmoja wa namna hii, na sijui ulifikaje.

“Ulifika kwenye kofia,” akasema bibi mdogo. “Babu yako hakuwaambia?”

Nilikata tawi zima, lenye ncha yake na majani yake ya chini, nikalifunga kwenye kitenge, nikapanda pikipiki kwenda kwa bibi, ambaye bado ananawisha wageni na bado hajarudi kwao. Nilichombebea pamoja na tawi ni hiki: wiki ya pili ya msiba wa kaka yake, babu alikuja Nyabibuye kwa pikipiki, anakohoa, kumchukua mke wake. Alisimama nje ya ua akamsikia ndani, analia na kuimba na ndugu zake. Hakuingia. Alichuma konzi moja ya kahawa mbivu, akaitia kwenye kofia, akamwomba bibi mdogo asimwambie dada yake kwamba alikuja, kwa sababu akijua atakatisha kilio chake arudi kumpikia uji.